Uji wa Kijivu

Bibi aliniita Mchanga. Leo mimi fundi wa pampu, Wete,
na kisima cha Kinyasini kimeshakula feni tatu.

Basi pipa la mafuta, bomba la inchi mbili,
ndoo nne za mchanga wa kisima kilekile;
vyuma vitatu nimevifunga mbele ya mdomo wa bomba
kama watoto wanaongoja kunawishwa uso.

Siku mbili uji wa kijivu unazunguka, unasaga,
Hidaya anahesabu saa kwa chaki ukutani.

Mizani ya sonara:
cha kwanza kimepungua nusu gramu,
cha pili robo,
cha tatu, hata punje!

Tunawasha tena, kuhakikisha.
Pampu inatoboka tumbo.

Hidaya anaokota chaki:
FENI YA NNE. IMELIWA NA MCHANGA.

Siulizi upi,
au yupi.