Hatukukopa

Jumamosi, saa mbili kasoro, chuoni Soroti.
Mwamba wa mji umeshaanza kushika moto
nami nimeketi dawati la mbele, si kwa bidii,
ila miwani nimeisahau Ngora kwa dada.
Tuko walimu kumi na tisa wa madarasa ya chini,
vyeti vyetu vimebanwa kwenye faili za plastiki,
tumerudi kusomea stashahada ya uzamili
ya kitu tunachokifundisha kila siku.

Mume wangu aliuliza:
"Uzamili wa moja jumlisha moja?"
Nikacheka. Sikumwambia
kwamba ukurasa wa kutoa
huufundisha nimewapa watoto mgongo,
chaki ikikimbia ubaoni
kama mwenye deni apitaye mbele ya duka.

Dokta Kabasinguzi hana sauti kubwa.
Aliandika: arobaini na mbili, toa kumi na saba.
"Nani atatufundisha?"
Nikasimama kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja.
"Mbili kutoa saba haiwezekani. Tunakopa moja kwa jirani."
"Jirani nani?"
"Nne."
"Moja tu? Mbona ikifika huku ni kumi?
Na deni hilo, mwalimu, hulipwa lini?"

Okiror wa Katakwi akatazama viatu vyake.
Mimi, nikopaye chamani na kurejesha kila tarehe tano,
mimi ambaye sukari ya Mama Ekwaro
imeandikwa daftarini kwa jina langu lote,
nimewafundisha watoto karibu elfu moja
mkopo usiolipwa.

Nilikuwa na miaka minane. Saba mara nane.
Fimbo ya mwarobaini iliujua mkono wangu
kabla mkono haujalijua jibu.
Tangu siku hiyo hesabu ni mlango mfupi:
napita, lakini nimeinama.

Dokta akamwaga mezani mabua ya mtama,
yamekatwa mafupi, yamefungwa kumi kumi
kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.
"Fungua fungu moja."
Nikafungua. Bua moja likabingirika chini ya dawati,
nikalifuata kwa magoti, na huko chini
ndipo nilipoona: sikukopa kwa mtu.
Nilivunja noti ya elfu kumi sokoni,
fedha ni ileile,
ila sasa inaweza kununua nyanya.

Watu hudhani nilifurahi.
Nilikasirika.
Jambo dogo hivi, na lilinigharimu utoto.

Jumatatu. Darasa la pili, watoto tisini na wanne.
Emuron, kaptura yake imefungwa kwa katani,
ameandika: hamsini na mbili, toa ishirini na saba,
thelathini na tano.
Kalamu nyekundu ilikuwa tayari hewani.
Nikaishusha. "Nieleze."
Alidhani ni mtego. Akasema kwa Kiteso, polepole:
"Saba ni kubwa, nikaitoa mbili.
Mkubwa ndiye hutoa."

Kumbe alikuwa na sheria.
Nyumbani kwao kaka hutoa, mdogo hupokea;
mtoto huyu hakukosea ovyo,
alikosea kwa adabu.

Nikampa mafungu matano na mabua mawili.
"Mpe Amongin ishirini na saba."
Akatoa mafungu mawili, haraka, kwa fahari.
Kisha akasimama na vibua viwili kiganjani
akiyatazama mafungu matatu yaliyobaki.
Nikauma ulimi.
Katika mitihani yote ya uzamili
hakuna uliowahi kunitoa jasho kama huu:
kunyamaza.

Mvua ikaanza kwenye mabati.
Bado naziogopa sehemu, nusu na robo;
ni mada ya mwezi ujao, nami nitakwenda nazo
nikiwa na miwani yangu.

"Mwalimu," akasema, "naruhusiwa kufungua?"

Kabla sijajibu, mstari wa nyuma
walishafungua mafungu yote,
na hadi kengele ya mapumziko
tulikuwa sote chini, tisini na watano,
tukiokota, tukihesabu.