Taa Nyekundu

Korona niliyoizoea mimi ni ile ya mkonge,
mashine iliyotafuna majani kule Kigombe
mpaka ikachoka kabla sisi hatujachoka nayo.
Kipande chake kimoja, chuma kinene kama kidole gumba,
nilikinunua kwa kilo, nikakitoboa matundu matatu
hapa uani, Makorora, kati ya kamba ya nguo na banda la bata,
nipate pa kuikalisha altaneta mpya.

Mpya kwangu. Yenyewe ilishaona lori likilala ubavu Segera.
Ile ya awali ya Pijo yangu ilitoa ampea arobaini
siku ambayo haikuamka vibaya,
nami nyuma nimebeba friji, na ndani ya friji maziwa ya Pongwe,
lita mia na themanini zinazotaka kufika mjini
kabla jua halijaanza kuziuliza umri.

Shemeji Semkiwa alikuja, akakalia tairi.
Hakushika spana.
"Waya huo ni kamba ya mbuzi," akasema,
"na wewe umeleta fahali."
Nikaudhika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda Barabara ya Nane
nikanunua waya mnene, shaba tupu, bei ya gunia la mahindi,
nikaubana kwa nati, nikaulaza mbali na ekzozi,
nikauvisha mpira wa baiskeli pale unapopita penye makali.

Kila kitu kilikuwa kinene, kimekaza, kinang'aa.
Nikawasha.
Mkanda ukalia kidogo, ukanyamaza. Puli ikazunguka.
Nikagusisha mita kwenye betri:
kumi na mbili nukta moja.
Nikakanyaga mafuta. Kumi na mbili nukta moja.
Baadaye kumi na mbili kamili, na bata wananicheka.

Usiku nikajilaza chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
nikiufuata ule waya mdogo wa kahawia
ambao hakuna aliyenishauri habari zake,
mwembamba, wa aibu, kama uzi wa tasbihi,
kutoka kiunoni mwa altaneta, ukatoboa ukuta wa injini,
ukapanda, ukapinda, ukaishia
kwenye tundu.

Tundu nililijua.
Mwaka juzi palikuwa na taa hapo, nyekundu, ya chaji,
iliyonikodolea macho toka Pongwe hadi Mikanjuni
kama mtu anayekudai mbele ya wageni.
Niliing'oa kwa koleo, nikaitupa kwenye kopo la vifungo,
nikaendesha kwa amani.

Kumbe umeme wa kuiamsha altaneta hupitia humo humo.
Lazima kwanza kidogo kilalamike
ndipo kikubwa kijue kina kazi.

Kopo nikalimwaga mkekani. Vifungo vya sare za shule,
pini, zipu isiyo na meno, na yenyewe, nzima, vumbi tu.
Nikaifuta kwa pindo la kanga, nikairudisha.
Funguo nusu: ikawaka, nyekundu ile ile, lawama zile zile.
Nikapiga stata. Ikafifia, ikafifia, ikazimika,
na haikuzimika kwa kufa: huku na huku kwa uzi wake
nguvu zimelingana, hakuna anayemsukuma mwenziwe.
Mita ikasema kumi na nne nukta mbili.
Nyuma, friji likakohoa, likaanza kunguruma.

Ijumaa dada Mwanatumu alipiga kutoka Pangani
kama apigavyo kila Ijumaa, na mimi, tangu mwaka juzi,
simu huigeuza kifudifudi.
Dawa umekunywa? Presha umepima?
Mikono ilikuwa na grisi. Nikapokea kwa kiwiko.
"Sijapima," nikamwambia.
Kimya. Kisha akaanza.
Nikamwacha aseme.