Uzi wa Kulwa

Tulimfunga uzi mwekundu siku ileile, Bugando,
asije mkubwa akawa mdogo,
tukaufunga upya kila mkono uliponenepa.
Jioni hii umekatikia kwenye beseni.
Nimebaki na povu na watoto wawili wanaonicheka
kwa meno yaleyale manane.

"Kulwa!" Wanaitika wote.
"Doto!" Kimya.
Nikakumbuka: Kulwa hung'ata. Nikatoa kidole.
Wameking'ata wote.

Nyumba yetu imekaa juu ya mawe ya Mabatini.
Mmoja akiteremka kulia, mwenzake huchagua kushoto,
nami miguu ninayo miwili
ila huenda upande mmoja.

Usiku mama yao yuko kiwandani, anachuna minofu ya sangara.
Huyu akikohoa, yule huamka kulia kwa niaba yake.
Nambembeleza, namlaza,
kilio kinahamia kitanda cha pili
kama ndoo ya maji inayopokezana mikono mlimani.
Mama Ng'wasi ananichungulia dirishani:
"Na Shija je, yuko njiani?"
Namjibu kwa pazia.

Saa nane wamelala, mguu wa mmoja shingoni mwa mwingine,
ziwa linapumua huko chini,
na mimi, mjinga, nawamiss.

Alfajiri anapanda, ana harufu ya samaki na usingizi.
Hawashi hata taa.
"Mbona Doto umemvalisha kaptula ya Kulwa?"

Nakwenda kumwaga maji ya beseni.
Uzi unaelea. Nautia mfukoni.