Mwenyewe

Zahanati ya punda, Langoni, saa nne asubuhi.
Tima Shee ana majedwali mawili:
la wenyewe na la punda,
katikati safu nyembamba ya nambari,
kamba ya kumfunga huyu kwa yule.

Anaandika: chagua jina, chagua kidonda,
unganisha nambari zinapolingana.
Jibu: mia tatu na tisa.
Jana, kwa kidole, alihesabu mia tatu na kumi.

Nani kakatika?

Anageuza ulizo: nipe punda wote,
mwenyewe awepo asiwepo.
Na chini kabisa anajitokeza
jike, kijivu, sikio la kushoto limechanika,
na penye mwenyewe, patupu.
Si sifuri. Si kistari. Patupu.

Famau Lali, mchukuzi wa mawe, Mkomani.
Walimzika Shaabani. Karani mmoja
akaufuta mstari wake kwa adabu,
akasahau kamba ina ncha mbili.

Tima anaweka vidole juu ya herufi.
Aandike nani? Mjane? Baraza la mji?
Nje mtu anapiga kelele: huyu anavuja usaha!

Analiacha pengo lilivyo.
Anachukua beseni, chumvi, pamba.
Mlangoni amesimama punda
mwenyewe.