Vanishi

Nilijifunza kusuka mota kwa Msonda, kule Gongoni,
mtu asiye na subira wala kiti cha mgeni.
Waya wa shaba, mizunguko mia na ishirini kila koili;
ukikosea mmoja anakata yote kwa koleo, kimya,
unaanza upya. Nilianza upya miezi saba.
Kisha siku moja vidole viliacha kuniuliza,
vikazunguka vyenyewe, na mimi nikawaza chakula.
Sikujua kuwa ndani ya kichwa
fundi mwingine alikuwa akisuka kwa kunifuata.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi, Oktoba,
jua la Tabora limekaa juu ya bati kama mdai wa kodi,
jicho la kushoto likaingiwa ukungu.
Wiki ya pili dole gumba likafa ganzi.
Nikashika waya, sikujua nimeshika nini.
Jirani akasema nimerogwa. Shemeji akasema ni pombe,
mimi ambaye hata togwa hunilevya.
Kitete wakanipa barua, nikapanda treni ya Mwanza,
nikalazwa ndani ya bomba la sumaku linalogonga
kama watu kumi wanaonyoosha mabati.

Dokta Nyanjige alinionyesha picha:
madoa meupe, matone ya chokaa kwenye sakafu.
"Mishipa yako ya fahamu ina ala ya mafuta," akasema,
"mayelini. Askari wa mwili wako wameigeuka, wanaitafuna."
Nikamkatiza: Unasema vanishi imebabuka.
Akanitazama. "Endelea."
Shaba ingalipo, nikasema, lakini waya uko uchi,
umeme unavuja njiani,
mota inanguruma, haizunguki.

Akaniambia: kwenye ala kuna mapengo madogo,
ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo
kama treni ya haraka isiyojali Igalula wala Goweko.
Ala ikiliwa, ujumbe unasimama kila kituo,
unashusha magunia, unapandisha kuku,
unafika kwenye dole gumba usiku wa manane
na dole gumba limekwisha kulala.

Nikauliza: inasukwa tena?
Mimi mota iliyoungua naivua nyaya zote, natupa.
"Kichwa hakivuliwi," akasema. "Lakini zipo seli changa, zinasubiri.
Zina mikono mingi; kila mkono unashika uzi
na kuuzungushia mafuta, tabaka juu ya tabaka.
Dawa itawazuia askari. Ya kuzungusha bado hatuna.
Tunachojua, zinapenda uzi unaotumika.
Na ala mpya huwa nyembamba kuliko ya kwanza."
Sikupenda neno nyembamba. Nimelizoea.

Asubuhi, kabla bati halijashika moto,
nakaa barazani na binti yangu Kalunde, darasa la pili,
anayejifunza kuhesabu kupita mia.
Mimi nasuka, yeye anahesabu.
Yeye hukwama tisini na tisa, mimi arobaini.
Yeye anafuta kwa mate, mimi nafumua kwa meno.
Sielewi nani anamsubiri nani.
Katika vichwa viwili, kwenye mkeka mmoja,
mafuta yanazungushwa gizani: kwake barabara mpya,
kwangu kiraka juu ya lami iliyobomoka.

Msonda alipita Jumamosi na hasira zake zile zile.
Akachukua koili yangu, akahesabu kwa ukucha.
Mia na kumi na tisa.
Akatoa koleo. Akakata.
Mke wangu alitaka kumfukuza. Mimi nilicheka mpaka machozi:
jamani, hakunionea huruma.

Mchana joto likipanda jicho linaingiwa ukungu tena,
nafunga kibanda, nalowesha kitambaa, nalala.
Huenda ugonjwa utarudi; Nyanjige hakunificha.
Lakini leo alfajiri, mzunguko wa sabini na kitu,
Kalunde amesinzia, hesabu imekatika,
dole gumba, lenyewe,
likakataa waya uliompanda mwenzake.
Nilikuwa nawaza chakula.