Madoadoa ya Novemba

Jumamosi ya kwanza ya bunduki, saa mbili asubuhi,
na malori matano yamepanga foleni mbele ya duka la Halvor Ness
la chakula cha ng'ombe,
ambako kila mwaka naweka meza, mizani na chupa ya kahawa
niwahesabu waliokufa, kwa niaba ya jimbo la Wisconsin.

Kazi yangu ni mdomo. Naupanua kwa chuma,
namulika magego:
yaliyolika ni umri, yaliyo makali ni utoto.
"Mwaka mmoja na nusu," namwambia kijana wa Kowalke.
"Na huyu?"
Mwaka mmoja na nusu.
Pembe kama vidole viwili vya mwanafunzi anayeomba ruhusa atoke nje.
Kwetu kulungu dume hafikishi miaka mitatu.
Akiota pembe, ameota shabaha.

Baba yangu, Arvid, hapigi jike. Aliapa akiwa na miaka kumi na miwili.
"Jike ni ghala," husema. "Nani huchoma ghala lake?"
Ukutani kwake vichwa kumi na tisa, vyote vya madume,
vinatazama naye televisheni.

Nilipokuwa mdogo Novemba ilikuwa na sauti.
Pembe ziligongana ng'ambo ya kijito hadi mbwa akaingia chini ya kitanda.
Miti michanga ilichunwa gome,
ardhi chini ya misonobari iliparurwa, ikanuka mkojo na vita.
Majike walishika joto karibu wote katika wiki moja,
kama mahindi yaliyopandwa siku moja na mkono mmoja.

Sasa ni majike tisa kwa dume,
na dume mwenyewe mvulana, hajui aanzie wapi.
Akisikia mlango wa lori ukifungwa, analala kinamasini hadi giza.
Mapenzi yake ni ya usiku wa manane, ya kuibia.
Jike aliyekosa hasusi. Mwili wake ni kalenda:
siku ishirini na nane, moto unawaka tena.
Akikosa, ishirini na nane nyingine,
theluji imemfika magotini na bado anatembea akinusa upepo.

Saa sita Baba akaegesha lori lake kinyumenyume.
Hakuwa na dume. Alikuwa na ndama,
kagongwa na gari daraja la Pekuri,
na Baba hawezi kuacha nyama barabarani.

Kilo kumi na nane.
Nikaligeuza lile jiwe la baridi,
na mgongoni, ndani ya manyoya mapya ya majira ya theluji,
madoa.
Hafifu, meupe, kama chumvi iliyomwagika ikapanguswa vibaya.

Ndama wa Mei hupoteza madoa kabla majani hayajaanguka.
Nikahesabu kwa vidole vyenye damu:
huyu alizaliwa Agosti.
Rudi nyuma siku mia mbili: Januari, katikati.
Nani hufunga ndoa Januari hapa,
ziwa lenyewe likiwa limefunga mlango?

Miaka sita nimempelekea Baba majedwali.
Miaka sita amesahau miwani.
Leo sikumwambia kitu.
Alivua glovu, akagusa doa moja, halafu jingine,
akifuata mgongo polepole
kama mtu anayesoma deni lake kwenye daftari la duka.

"Februari ingemmaliza," akasema.
"Ndiyo."
"Hata bila gari."
"Hata bila gari."

Nyuma yetu mtu akapiga honi.
Baba akaitazama mizani, si mimi.
"Kibali cha jike. Mnauza bado?"
"Dola kumi na mbili."

Akatoa noti ya ishirini, akaikunja mara nne,
akairudisha mfukoni.
Akarudi hadi kwenye lori, akashika kitasa.

Kisha akaitoa tena.