Kidole Gumba, Maseno

Naitwa Obadia Aswani, fundi viatu.
Kibanda changu ni hatua kumi na nne
kutoka bango la Ikweta,
kumi na saba tangu goti lilipoanza ukaidi.

Wageni hushuka garini wakijinyoosha,
wakatazama huku, wakatazama kule,
kana kwamba dunia imeshonwa pale kwa uzi mnene
nao wamekuja kuuona mshono.
Hakuna mshono.
Kuna bango, kuna barabara ya Busia,
kuna kuku wa Mama Rispa asiyejua
kwamba amevuka nusu ya dunia mara sita tangu asubuhi.

Kisha mmoja huniona. "Mzee, tupige picha."
Najifuta gundi kwa aproni,
napokea simu,
au kamera yenye pua ndefu kama ya nguchiro.

Mimi sikati miguu.
Kuna wapiga picha wanaokata watu magotini wapate mawingu.
Mimi narudi nyuma, narudi,
hadi mgongo uguse nguzo ya stima,
hadi viatu vyote viingie.
Mtu katoka mbali hivyo
aweke mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini,
nami nimkate miguu?

Wakiwa na nafasi hunionyesha kwingine walikopita:
mnara, ukuta usio na mwisho, maji yakiporomoka,
na kila mahali ni yeye, meno yale yale, kofia ile ile,
nyuma yake tu ndipo panapobadilika
kama pazia la studio.
Sicheki.
Hata mimi Jumamosi jioni hupanga viatu nilivyomaliza
nikavitazama kwanza kabla wenyewe hawajaja.

Ila kiatu hakitabasamu.
Huyu hupanda milima. Huyu husimama sana.
Huyu kisigino cha kushoto kimelika upande,
kuna kitu anabeba na hasemi.
Na soli zikibanduka hapa
(hubanduka, gundi ya kiwandani hailijui jua letu)
nachokoa kwa msumari kokoto zilizokwama.
Moja nyeusi, nyepesi, ina matundu kama mkate:
"Hiyo ni ya mlima wa moto," alisema mwenyewe,
akataja nchi, jina refu,
likanipotea kabla hajafunga kamba.
Nyingine nyeupe kama jino la mtoto.
Ninazo kwenye kopo la kiwi, lile la kahawia.
Usiku nikilitikisa,
dunia inalia kama njugu.

Mwezi wa sita ikaja barua,
kupitia sanduku la shule, maana langu sina.
Mwalimu Khayesi alinisomea polepole, akitafuta maneno.
Ni yule mama wa buti za kijani.
Mumewe, yule niliyemshonea ukanda wa sendo
akang'ang'ania kunilipa mara mbili,
alifariki kabla theluji haijayeyuka.
Ndani, picha.
Wao wawili, viatu vyote vinne,
yeye kacheka hadi macho yamefumba.
Na chini, pembeni kulia,
kitu kama wingu, cheusi, kinene,
chenye ufa wa gundi katikati.

Kidole changu.

"Mwanangu alitaka kukiondoa," kaandika.
"Nikamkataza.
Siku ile kuna mtu alituona tukicheka.
Ndiye huyo."

Basi kiko huko, ukutani, kwenye nyumba ya baridi,
hakikuomba pasipoti, hakikuomba viza.
Chenyewe hiki hapa, kinanuka ngozi.

Leo, saa sita na ushei,
siku ambayo kivuli hujikunyata chini ya kiatu
kama mbwa anayeogopa mvua,
kijana mmoja na mchumba wake wamesimama mstarini.
"Mzee," anaita, "angalia kidole, kiko kwenye kioo."

"Nimekiona," nikamwambia.
Nikapiga.